Kucha za Rangi ya Fizi

Nyirarukundo wa Nyakabanda alijaliwa ulimi mwepesi, moyo mkunjufu na mikono mibaya. Ulimi na moyo hakuwahi kuvificha. Mikono ndiyo aliyoificha, tena kwa ufundi wa miaka mingi. Ukikutana naye njiani ungeiona imezama ndani ya mtandio. Akiketi msibani aliikalia. Akipigwa picha, mmoja aliupeleka nyuma ya mgongo wa jirani na mwingine chini ya mtoto wa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Katika picha zote alizopigwa tangu awe mjane, ungedhani mama huyu kazaliwa bila viganja.

Na mikono hiyo hiyo ndiyo iliyomlisha. Jua likianza kushuka, mtaa mzima ulinusa sambusa zake, na hata waliokuwa wameshiba walikumbuka kwamba wana njaa. Mumewe alipofariki alimwachia mtoto mmoja, Ismaël, na karai moja la kukaangia, na kwa karai hilo mtoto akakua. Lakini mafuta ya moto, unga, pilipili, na makaa ya kuchochea kwa vidole pale koleo linapopotea, vyote vilichukua haki yao. Kucha za mkono wa kushoto zilikuwa zimekatika mpaka zimesahau namna ya kuota. Ukucha wa dole gumba la kulia ulikuwa mweusi na umepasuka katikati, ukumbusho wa siku mlango wa gari ulipofungwa yeye akiwa bado anaaga. Nyirarukundo huaga kwa kirefu.

Mtaani aliitwa Mama Ismaël. Alikuwa wa ukoo wa wale Waislamu ambao babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, wakaoa hapa hapa, na wakawaachia wajukuu Kiswahili, pilau na mapenzi ya kubishana. Jambo moja tu hakubishana nalo, nalo ni sala. Adhana ikilia, karai liliepuliwa, hata mteja awe amekwisha kupanua mdomo. "Sambusa itapoa," alikuwa akisema, "lakini sala haipashwi moto."

Basi mwaka wa tisini na mbili, kiangazi, Ismaël akaposa. Binti aliitwa Umulisa, mtoto wa Mutsinzi, seremala wa Gisozi. Nyirarukundo alifurahi mpaka akagawa sambusa za bure mtaa mzima. Kisha usiku akakaa kitandani, akaitazama mikono yake, na furaha ikaingia mchanga.

Alikuwa amekumbuka kukabidhi. Katika harusi za kwao, jioni, baada ya ndoa kufungwa msikitini na watu kula, wanawake hukusanyika sebuleni kwa bwana harusi. Mama wa bibi harusi huushika mkono wa binti yake, akauweka ndani ya mkono wa mama mkwe, akasema maneno yake, na mama mkwe akajibu ya kwake. Sharti lake ni moja: mkono kwa mkono, bila kitambaa katikati, mbele ya macho ya kila mwanamke aliyealikwa. Hapo hakuna mtandio, wala mtoto wa mtu wa kujificha nyuma yake.

Na macho yenyewe yalikuwa na mwenyewe. Jirani yake, Kamikazi, hakuna harusi aliyowahi kuikosa wala kuisifu. Mwezi uliotangulia, kwenye harusi ya mtaa wa pili, mama mkwe mmoja alinyosha mkono uliokomaa kwa jembe, na Kamikazi akasema kwa sauti ya kusikika: "Masikini bibi harusi! Kapewa mkono, ama kapewa kuni?" Wanawake walicheka, na Nyirarukundo alicheka nao. Kicheko hicho sasa kilikuwa kinamrudia.

Tena kulikuwa na mama wa binti. Siku ya posa kule Gisozi, Mukagasana aliwapokea wageni amevaa glavu nyeupe za lesi, na hakuzivua hata alipokuwa akimimina chai. Nyirarukundo hakuwa amewahi kuona mtu anamimina chai na glavu. "Huyu," alijiambia, "hajawahi kugusa sufuria upande wa masizi." Aliinywa chai ile kikombe kimeshikwa kwa mtandio.

Ndipo akasikia habari za Liliane.

Liliane alikuwa msusi, Mrundi aliyeolewa Kigali, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja pale Nyakabanda chenye kioo, viti viwili na kofia kubwa ya kukaushia nywele iliyofanya kazi siku umeme ulipotaka. Watu walisema anaweka kucha ndefu, ngumu, zisizobanduka, kama za wale mabibi wanaokwenda kuota jua kando ya ziwa kule Bujumbura. Asubuhi ya siku ya harusi, huku nyumbani kwake watu wanachambua mchele, Nyirarukundo alitoroka akaenda.

"Liliane," alisema akiketi, akaweka mikono mezani. "Unaiona hii?"

"Nayiona, mama."

"Basi mimi sitaki kuiona mpaka kesho. Wanasema unabandika kucha."

"Sibandike, mama. Mi nazijenga." Liliane alifungua kopo, na harufu kali ikapiga chumba kizima hadi machozi yakamtoka mteja. "Madamu wa Bujumbura alinifunza, lakini unga yake ilikwisha. Njo nikaona unga ya bwana yangu. Unga iko ile ile, maji iko ile ile, hata harufu. Ni rangi tu."

Mumewe Liliane, Révérien, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Nusu ya wazee wa Nyarugenge walitafunia kazi yake.

"Rangi gani?" Nyirarukundo aliuliza.

"Ya fizi, mama."

Nyirarukundo akalitazama dole gumba lake jeusi. "Jenga," alisema. "Afadhali fizi kuliko makaa."

Liliane alichovya brashi, akaokota unga kidogo kwa ncha yake, na tone la kwanza lilikuwa linakaribia kidole Nyirarukundo alipouvuta mkono ghafla.

"Ngoja! Udhu wangu!"

Hapo akaanza kupiga hesabu ya dini na urembo kwa pamoja. Anayetaka kusali lazima atawadhe, na maji lazima yafike kwenye ngozi na kwenye kucha. Ukizifunika, maji hayafiki, na udhu hausihi. Lakini akitawadha kwanza, ndipo kucha zijengwe, udhu ule ni mzima, na atasali nao Adhuhuri, Alasiri na Magharibi, mradi tu usitenguke. Na udhu hutenguka kwa nini? Kwa kwenda chooni, kwa upepo, kwa usingizi wa kujilaza. Na kwa madhehebu yao, kwa ngozi ya mwanamume kuigusa ngozi ya mwanamke, hata awe mumewe wa ndoa.

"Kumbe rahisi," alisema Nyirarukundo. Mtu husema hivyo asubuhi.

"Una maji, Liliane? Nataka kutawadha."

Liliane alinyosha mkono nyuma ya pazia, akatoa birika. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na beseni la kunawia lilikuwa tayari, na kitambaa kikavu juu yake.

"Wewe Mkatoliki umejuaje?"

"Kazi inafunza, mama," alisema Liliane, akainama kutafuta brashi aliyokuwa ameishika mkononi.

Alipomaliza kutawadha, kazi ikaanza. Liliane alikata karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, akaikunja chini ya ncha ya kila kidole, akajenga juu yake tone kwa tone, akasubiri, akapiga tupa. Kila ukucha ulipata moto kidogo wakati wa kukauka. Mwisho wake Nyirarukundo aliinua mikono mbele ya kioo, na akaona mikono ya mtu mwingine. Kucha kumi, ndefu, zimechongoka kwa adabu, rangi ya fizi za mtoto mchanga. Alicheka kwa sauti. Alitaka kumkumbatia Liliane, akamchoma shingoni.

"Hazikunji ngumi," alisema akijaribu.

"Kwani leo unaenda kupiga nani, mama?"

"Na zitatoka lini?"

"Ukimaliza kukabidhi, unakuja hapa. Niko na dawa ya kuloweka. Isha utasali na vidole yako."

Basi alirudi nyumbani mikono nje ya mtandio, jambo ambalo mtaa haukuwa umeliona miaka mingi, na Kamikazi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alisahau alichotaka kusema.

Adhuhuri ilipita salama. Ndoa ilifungwa msikitini, wanaume wakarudi, ua ukajaa, na hapo ndipo Nyirarukundo alipogundua kasoro katika mpango wake. Alikuwa amesahau anaishi mji gani. Hapa kwetu mtu hasalimiwi kwa kupungiwa mkono. Hapa mtu hushikwa, akavutwa, akakumbatiwa, akashikwa tena, na kama ni mama wa bwana harusi, mkono wake huwa mali ya umma. Siku nyingine hilo si neno. Umeshikwa, umeongea, unatawadha upya. Leo kila mwanamume aliyeingia langoni alikuwa hatari inayotembea.

Basi mikono ikarudi ndani ya mtandio, safari hii kwa sababu nyingine. Alipokuja mjomba wa marehemu mumewe, aliinama sana mpaka mjomba naye akainama, wakaachana hapo. Alipokuja jirani mwenye duka, alijifanya ana unga mikononi. Mwalimu wa madrasa peke yake ndiye aliyeweka mkono kifuani kwa mbali, na Nyirarukundo alimpenda siku ile kuliko ndugu zake wote. Na hakunywa kitu, kwa sababu kila tone lina njia yake ya kutokea.

Ndipo watu wa Gisozi wakafika. Mutsinzi alitangulia, mtu mnene mwenye sauti ya msumeno na furaha ya mtoto. Nyuma yake alikuja Mukagasana. Hakuvaa glavu. Mikono yote miwili ilikuwa imeviringwa ndani ya mtandio wa kijani mpaka kwenye viwiko, na alisalimia kwa kutikisa kichwa tu.

"Karibu, bamwana," alisema Nyirarukundo, kwa maana hivyo ndivyo wazazi wa mume na wazazi wa mke wanavyoitana. "Karibu chai."

"Asante, bamwana. Niko sawa."

"Basi sambusa. Nimezikunja mwenyewe jana."

Mukagasana aliitazama sambusa, akameza mate, akasema, "Baadaye."

Duniani kuna watu waliokataa vyeo, waliokataa mali, lakini Nyirarukundo hakuwa amewahi kuona mtu aliyekataa sambusa yake. Ilimuuma. Ilimuuma kweli kweli. Kwa hiyo vijana wa Gisozi walipoleta maji ya marakuja, yaani juisi ya pasheni, waliyokuja nayo kwenye ndoo, na Mukagasana akamkaribisha, Nyirarukundo alijibu, "Asante, bamwana. Niko sawa." Kusema haki hakuyakataa kwa kisasi tu, kibofu nacho kilikuwa na neno lake. Lakini Kamikazi alikuwa amesimama hapo, na kabla mlango haujafungwa habari zilikuwa zimefika jikoni kwamba bamwana hawalishani wala hawanyweshani.

Kadiri alasiri ilivyosonga ndivyo Nyirarukundo alivyozidi kuuona ubaya wa mwenzake. Mwanamke gani huyu? Mumewe alipompa mkono ashuke ngazi, alimruka kama mtu anayeruka dimbwi. Binamu yake mwenyewe alipotaka kumkumbatia, alimsukumia mtoto mdogo akumbatiwe badala yake. "Uzuri wa mkakasi," alinong'ona Nyirarukundo, "ndani kipande cha mti." Alimhurumia Ismaël, kwa kumpata mkwe wa namna hiyo.

Akaingia ndani kumtazama bibi harusi. Umulisa alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka, hina imemwiva mikononi, macho yamevimba. Binti wa watu alikuwa analia tangu asubuhi, si kwa huzuni, bali kwa ule woga wa mtu anayelala leo katika nyumba ambayo hajui hata taa yake inawashiwa wapi.

"Mwanangu, una nini?"

"Nasikia baridi, mama. Mikono ni barafu."

Nyirarukundo alitaka kuishika. Alinyosha vidole, lakini kiganja hakikufunga, na kucha mbili zikamchoma binti juu ya hina. "Aa!" alisema Umulisa, akarudisha mkono, kisha akaomba radhi kwa kuumizwa. Nyirarukundo alimpapasa bega kwa mgongo wa mkono, akatoka nje akiwa hana raha. Alisali Alasiri, udhu ukiwa bado mzima, lakini sasa alikuwa anatembea kwa hatua fupi sana.

Vita vilikuwa kaskazini, na mjini sherehe zilibanwa zimalizike mapema, kila mtu awe kwake kabla ya saa iliyowekwa. Kwa hiyo mpiga picha alikuwa na haraka. Jua lilipoanza kugusa bati za upande wa Mlima Kigali, Mutsinzi alipaza sauti katikati ya ua: "Picha ya wazazi! Picha ya wazazi, jua linakimbia!"

Nyirarukundo alisogea kushoto. Mukagasana alisogea kulia. Kila mmoja alihakikisha kuna nafasi ya mtu mzima kati yake na Mutsinzi. Lakini Mutsinzi alikuwa mtu wa furaha, na mtu wa furaha haachi nafasi. Alinyosha mikono yake miwili mipana, akaukamata huku mkono wa mkewe, kule mkono wa bamwana wake, akaichomoa kutoka kwenye mitandio, akaiinua juu kama refa anayetangaza mshindi.

"Piga!"

"Uwiii! Udhu wangu!"

Sauti zilikuwa mbili na maneno yalikuwa yale yale. Kamera ikalia tik. Mutsinzi akabaki ameshika mikono miwili hewani bila kujua kosa lake.

Nyirarukundo aliutazama mkono wa Mukagasana. Mukagasana aliutazama mkono wa Nyirarukundo. Kucha ndefu, zimechongoka kwa adabu, fizi kwa fizi. Mjini Kigali palikuwa na mtu mmoja tu aliyechanganya rangi ile, na hakuwa akiichanganya kwa ajili ya vidole.

"Liliane?" aliuliza Nyirarukundo kwa sauti ndogo.

"Liliane," alisema Mukagasana. "Mimi nilifika alfajiri, kabla hajafungua."

Birika la vuguvugu! Nyirarukundo aligeuka akamtafuta msusi kati ya wageni, na Liliane, ambaye alikuwa amealikwa kwa kumsuka bibi harusi, alijificha nyuma ya Révérien.

"Njo ile sababu hukunywa chai yangu?" alimgeukia Mukagasana.

"Ningeinywaje, bamwana? Toka alfajiri sijaenda choo! Na hiyo sambusa yako, Mana yanjye, Mungu wangu, nimeinusa mpaka nikataka kulia."

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka wakashikana, kucha zikagongana. Kisha wakaacha wote wawili kwa wakati mmoja, kwa maana kicheko kilikuwa kimewakumbusha jambo. Udhu umekwisha tenguka. Hapakuwa tena na sababu ya kujizuia. Walikwenda mbio upande wa choo, na Nyirarukundo, mwenyeji mwema, akamwacha mgeni atangulie, ingawa hakuna aliyewahi kujua alivyoteseka kwa wema huo.

Waliporudi nyuma ya jiko, Liliane alikuwa anawasubiri kwa uso wa hatia. Dawa ya kuloweka ilikuwa saluni, alisema, na inataka muda mrefu, na jua ndilo hilo linaishia. "Lakini si munaweza kusali nyuma, baada ya kukabidhi? Mungu iko anaelewa harusi."

Neno lile lilimwingia Nyirarukundo, wala sitamsingizia kwamba halikumwingia. Sebuleni Kamikazi alikuwa amekwisha kukaa mstari wa mbele. Kungoja kidogo tu: mikono mizuri mbele ya wanawake wote, picha ya kuning'iniza ukutani, halafu sala ya kulipa. Nani angejua? Alizitazama kucha zake kumi. Kisha akakumbuka wateja wote aliowaepulia karai midomo wazi, wengine kwenye mvua, na akamwona yule binti alivyorudisha mkono wake kwa kuchomwa.

"Tuzitoe," alisema.

"Na nini?" aliuliza Liliane.

Mukagasana hakuuliza. Aligeuka akapaza sauti: "Mutsinzi! Leta tupa na msasa toka kwenye gari!"

Seremala haendi popote bila vyombo, hata kumwoza binti. Mutsinzi alileta, akaviweka chini kwa mbali, akarudi nyuma kama mtu aliyeweka nyama mbele ya mbwa asiyemjua, kwa maana tangu picha ile alikuwa hajui tena amguse nani. Wanawake wawili wakaketi kwenye vigoda, magoti kwa magoti. Mukagasana akaukamata mkono wa Nyirarukundo, na Nyirarukundo akaona kwamba huyu mtu ameshika tupa maisha yake yote.

"Wewe umejifunza wapi?"

Mukagasana alikunja mikono ya gauni. Kutoka kwenye vifundo hadi kwenye ncha za vidole ngozi ilikuwa ya kahawia iliyokolea, imepasuka pasuka, haikuwa rangi aliyozaliwa nayo. "Vanishi," alisema. "Kila kitanda na kila kabati Mutsinzi anauza, mwenye kulipiga msasa na kulipaka ni mimi. Watu wanafikiri iko na vijana kumi. Hii rangi haitoke kwa sabuni, haitoke kwa mafuta ya taa. Njo nikanunua zile glavu."

"Na mimi nikasema huyu hajawahi kugusa sufuria!"

"Mimi nilikuona umeficha mikono siku ya posa, nikasema huyu mama wa mjini ananionea kinyaa."

Ukucha wa kwanza uliruka, ukaangukia kwenye maganda ya vitunguu. Vumbi la rangi ya fizi likajaa mapajani. Walipomaliza mikono ya mmoja wakabadilishana tupa, na Nyirarukundo, aliyezoea kukwangua karai lililoungua, hakuwa mwanafunzi mbaya. Liliane alishika taa na kusema pole kila mara. Adhana ya Magharibi ilipolia, ukucha wa mwisho ulikuwa umetoka, na vidole ishirini vilikuwa vibaya kuliko vilivyokuwa asubuhi.

Walitawadha kwa birika moja, wakasali bega kwa bega kwenye mkeka wa chumba cha nyuma. Katika tahiyatu, macho ya Nyirarukundo yalishuka kwenye magoti, akaona mikono minne imetulia hapo, miwili imeungua, miwili imepakwa vanishi. Ilibidi aume shavu ili asicheke ndani ya sala.

Kisha wakaingia sebuleni. Wanawake walikuwa wamejazana hadi dirishani. Kamikazi alikuwa mbele kabisa, shingo ndefu. Umulisa aliketi katikati chini ya shela. Nyirarukundo alipiga magoti mbele yake, akavuta pumzi, akautupa mtandio mabegani, akatoa mikono yote miwili nje kwenye mwanga wa taa. Kamikazi akafungua mdomo.

"Bamwana," alisema Mukagasana kabla mtu mwingine hajasema. "Huyu sikumwacha aguse vanishi. Nilitaka pabaki mkono mmoja mzuri katika nyumba yetu. Nakupa huo."

Akauweka mkono wa binti yake ndani ya ule wa Nyirarukundo. Ulikuwa wa baridi kweli kweli. Nyirarukundo alifunga kiganja, nacho kikafunga chote, vidole vyote, bila kitu cha kumchoma mtu. Alikuwa ametayarisha maneno ya kujibu, maneno mazuri, tangu siku ya posa. Yote yalimpotea.

Ni Umulisa aliyesema, kwa sauti ya mtoto, lakini chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Mama, mkono wako una joto. Usiniachie kwanza."

"Sikuachii," alisema Nyirarukundo, akaufunika kwa mkono wa pili, na machozi yakamtoka mbele ya watu, naye hakuyafuta, kwa sababu mkono haukuwepo wa kufutia. Vigelegele vikapanda hadi kwenye bati, na cha kwanza kabisa, walioshuhudia husema, kilikuwa cha Kamikazi. Mpiga picha aliuliza kama mama angependa kuurudisha mtandio kidogo. Mama alimwambia apige hivyo hivyo.

Masinia yalipoingia, binti alikuwa bado hajauachia mkono ule wa kulia, na mama mkwe hakuwa na namna ya kula. Basi Mukagasana alivuta sahani ya sambusa, akala moja nzima akiwa amefumba macho, kisha akachukua ya pili kwa vidole vyake vya vanishi, akamlisha bamwana wake mdomoni. Ilikuwa imepoa kitambo, na hakuna aliyelalamika.